Simu Ambayo Hakuna Aliyeikata

Kila asubuhi, nyumbani kwetu Katuba, siku ilianza kwa bip. Haikuanza kwa jogoo, kwa sababu jogoo wa jirani aliliwa kwenye arusi mwaka jana. Wala haikuanza kwa saa ya ukutani, kwa sababu saa hiyo imesimama tangu nikiwa darasa la pili. Simu ililia mara moja, krr, ikanyamaza. Kambo Kulthumu, mama yake baba yangu, aliinua kichwa na kusema, "Zakari ameamka." Hapo ndipo mama alipomimina chai.

Huku Lubumbashi, bibi tunamwita kambo. Na bip, kama hujui, ni kumpigia mtu na kukata kabla hajapokea, ili usile ma-unité, yaani ule muda wa kuongea unaonunuliwa. Anayepigiwa anaona jina lako na anajua kwamba uko hai na kwamba mfuko wako hauko vizuri sana.

Mimi naitwa Chadia, nina miaka kumi na mitatu. Mama husema kwamba mdomo wangu hufika shuleni dakika kumi kabla ya miguu yangu. Darasani mimi ndiye ninayeigiza sauti za walimu wakitoka nje. Naigiza mkuu wa shule, naigiza muuza maandazi, naigiza hata injini ya basi la asubuhi. Wenzangu hucheka mpaka wanashika matumbo, na mimi nilidhani mtu anayechekesha hawezi kuwa mbaya.

Zakari ni kaka mkubwa wa baba, kwa hiyo sisi watoto tunamwita Baba Mkubwa. Anaishi Kasenga, kando ya mto Luapula, mkabala na Zambia, na kazi yake ni kutengeneza mitumbwi. Ana kigugumizi tangu utotoni. Akiwa mbele yako si tatizo, unangoja kidogo na neno linafika. Lakini kwa simu mambo yalikuwa hivi. Kambo anauliza, "Mwanangu, uko muzima?" Baba Mkubwa anaanza kujibu. Neno linakwama. Papa, yaani baba yangu, anatazama dari kana kwamba anayaona ma-unité yakipaa kama moshi. Na neno linapoanza kutoka, simu inajikata yenyewe, tiii, na Kambo anabaki na nusu ya neno la mwanawe sikioni.

Kwa miaka minne Kambo hakuwa amemsikia akimaliza hata salamu. Watu wa ukoo walisema Zakari ana kiburi, anatoa bip tu kama bwana mkubwa.

"Kiburi gani," Kambo alisema jioni moja. "Nyinyi munalipa neno moja mara moja. Yeye analilipa mara tano. Abibu, mimi niko muzee. Nataka kumusikia muntu huyu mpaka mwisho, hata mara moja."

Abibu ni Papa. Ni mshonaji, cherehani yake iko barazani, na Kambo akisema jambo kwa sauti ile cherehani husimama.

"Mama, tutatafuta forfait," Papa alijibu.

Forfait ni kifurushi: unalipa mara moja, unapata muda wa kuongea na wa internet. Papa alinigeukia. "Wewe unayejua kusoma maandishi madogo. Zunguka kwenye makabini, uniletee forfait ya illimité, lakini iwe ya bei yetu."

"Huyu Limité ni mutoto ya nani?" Kambo aliuliza.

"Si mtu, Kambo. Illimité maana yake haina mwisho."

"Basi mwambieni aingie," alisema Kambo.

Siku ya pili, baada ya masomo, nilichukua daftari langu la hesabu na kwenda. Kabini ni meza ndogo chini ya mwavuli, pale wanapouza ma-unité. Huku kwetu yako mengi kuliko miti. Nilijifunza upesi kwamba neno illimité ni kama neno "kesho" la fundi viatu, lazima uulize linamaanisha nini hasa. Katika kabini ya kwanza illimité ilikuwa kutoka saa sita usiku mpaka saa kumi na moja alfajiri. Kwa saa hizo tungeongea na popo. Katika kabini ya pili ilikuwa ya ujumbe na picha tu, na Baba Mkubwa ana simu ya tochi, ile ya vitufe, haijui picha. Ya tatu ilinifurahisha mpaka nikafungua daftari, halafu nikasoma mstari wa chini kabisa: ni kwa watu wa réseau moja tu, yaani mtandao mmoja, na Baba Mkubwa yuko réseau nyingine.

Kabini ya nne ilikuwa ya Djo. Djo ni kijana mrefu mwenye kofia ya nyasi, na ndiye pekee aliyenipa kiti.

"Petite, mdogo wangu, iko moja," alisema. "Réseau zote, mchana na usiku, mwezi mzima. Lakini ngoja nikuambie na mabaya yake, usije ukanilaumu. Internet haina mwisho, ni kweli, ila ukishatazama video nyingi itaanza kutembea kama mzee anayetoka hospitali. Na lazima Papa yako alipe mwezi wote kwa mara moja. Simu peke yake njo haina shida. Simu itaenda tu."

Niliandika yote, mazuri na mabaya, hata "njo" yake, ambayo kwetu ni "ndiyo". Usiku huo Papa alilinganisha na vijisehemu vya unité alivyokuwa ananunua kila siku, akakuta vile vidogo vidogo vilikuwa vinammaliza zaidi. Jumanne tulinunua. Nilitembea Katuba nzima kifua mbele. Mimi, Chadia, nilikuwa nimeleta nyumbani kitu kisicho na mwisho.

Jioni ya Jumanne hiyo, kabla ya swala ya Magharibi, bip ya Baba Mkubwa ilikuja, na Papa akampigia. Tuliiweka simu kwenye mkeka, sauti juu, kwa sababu Kambo hasikii vizuri.

"Mwanangu, uko muzima?"

Neno likakwama. Papa, kwa mazoea, akatazama dari. Tukangoja. Hakuna tiii. Tukangoja tena, na neno likafika, likafuatwa na lingine, na lingine. Alimaliza salamu. Alituulizia sote kwa majina. Halafu akatueleza habari ya mbuzi wa jirani aliyekula utepe wake wa kupimia mbao, na kwamba tangu siku ile mitumbwi ya Kasenga ina urefu wa kukisia, wateja wanalala ndani kwanza kuona kama miguu inatosha.

Kambo alicheka mpaka akajifuta macho kwa ncha ya kitenge. "Sikujua kwamba mwanangu anachekesha," alisema. Aliongea naye zaidi ya saa moja. Waliagana taratibu, Kambo akaigeuza simu kifudifudi mkekani, akaenda kutawadha. Papa alitoka kwenda msikitini. Mama alikuwa bado sokoni.

Sasa nieleze kosa ambalo nadhani lingeweza kutokea nyumbani kwetu tu. Sisi kitufe chekundu tulikijua kwa ajili ya bip. Simu iliyopokelewa hatukuwahi kuikata. Ya nini? Ma-unité yalikuwa yanaisha na simu inajikata yenyewe, miaka yote. Kwa hiyo Kambo hakukata. Papa hakukata. Mimi, msomaji wa maandishi madogo, sikukata. Na kule Kasenga Baba Mkubwa naye, kwa mazoea yale yale, alikuwa ameshikilia simu sikioni akingoja ijikate.

Mdogo wangu Souleymane, mwenye miaka minane, huniita yaya, yaani dada mkubwa. Aliniambia, "Yaya Chadia, fanya sauti ya Baba Mukubwa."

Sikusita hata kidogo. Nilisimama katikati ya chumba, nikaweka ngumi mdomoni.

"Hili ni lori linalotoka Kasenga," nilisema. "Limezimika kwenye kilima. Sikiliza. Sa-sa-sa-sa... Sukuma, Souleymane. Sa-sa-sa-sa-sala... Sukumeni, bantu, watu ya Mungu, iko karibu kuwaka. Abiria wote washuke. Kuku nao washuke."

Souleymane alishika kiti akakisukuma chumba kizima. Nilikwamisha maneno, nikapindisha mdomo, nikapiga paja kama Baba Mkubwa anavyofanya neno likikataa. Nilikuwa stadi, siwezi kukataa. Nilisema, "Forfait ya illimité ilitengenezwa kwa ajili yake, maana kusema jina lake peke yake anahitaji mwezi mzima." Souleymane alianguka chini kwa kicheko.

Niliinama kuchukua simu, nimwoneshe video. Nilipoigeuza, kioo kilikuwa kinang'aa. Juu kulikuwa na jina Zakari, na chini yake namba zinatembea: sekunde, sekunde, sekunde.

"Allo?" nilisema.

Nilisikia pumzi. Pumzi tu, ya mtu mzima, karibu sana. Halafu ikaja tiii. Ilikuwa mara ya kwanza katika ukoo wetu mtu kukata kwa mkono wake simu iliyopokelewa.

Masikio yangu yaliwaka. Souleymane alikuwa bado anacheka sakafuni. "Nyamaza," nilimwambia, na sauti yangu haikuwa na mzaha wowote. Nilimwapisha asimwambie mtu.

Jumatano asubuhi, krr, bip ilikuja kama kawaida. Kambo alifurahi. "Mupigie," alisema, "sasa hatuogopi kitu." Papa akapiga. Simu iliita, iliita, haikupokelewa. Jioni vilevile. Alhamisi bip ilikuja, tukapiga, haikupokelewa.

"Muntu anayebip ni muzima," Kambo alisema. "Lakini kwa nini hapokei?"

Nilijua kwa nini. Alikuwa anatujulisha kwamba yuko hai, ili mama yake asihangaike, na zaidi ya hapo hakutaka kutupa neno lake hata moja. Nilitia mkate kwenye chai, mkate ukavunjika ukazama, nikautazama.

"Chadia," Papa alisema, "wewe njo ulitafuta hii forfait. Iko nini?"

Hapo ningeweza kusema. Mlango ulikuwa wazi kabisa. Badala yake mdomo wangu, ule unaofika kabla ya miguu, ulisema, "Labda ni réseau, Papa. Labda forfait ya Djo haifiki Kasenga vizuri."

"Jumanne ilifika."

"Labda ilikuwa ya kutuvutia. Siku ya kwanza tu."

Unaona jinsi uongo wangu ulivyokuwa na akili. Papa alikunja uso, akarudi kwenye cherehani.

Ijumaa, baada ya swala ya mchana, alinichukua kwenda kwa Djo. Njia nzima niliomba Djo awe amefunga. Hakuwa amefunga. Wanawake wawili walikuwa pale, wanangoja kununua ma-unité.

"Djo, umemuuzia mutoto yangu bongo," Papa alisema. Bongo kwetu ni uongo. "Tumelipa mwezi mzima, simu haifiki Kasenga."

"Mzee Abibu, inaita au haiiti?"

"Inaita, haishiki."

"Basi ikiita, imefika. Tuchukue simu yangu, tujaribu namba ya huyo ndugu hapa hapa."

"Sikuja kucheza na masimu," Papa alisema, na sauti yake ilipanda. "Muntu anayekula pesa ya mama muzee ni mwizi kama mwizi mwingine."

Wanawake wale walitazamana. Mmoja alirudisha noti yake kwenye pochi. Wakaondoka polepole, wakielekea kwenye mwavuli wa upande wa pili wa barabara. Djo aliwafuata kwa macho, kisha akanigeukia mimi.

"Petite Chadia. Ulikaa kwenye kiti hiki. Nilikuambia mazuri tu, au nilikuambia na mabaya?"

Nilitazama ndala zangu. Ya kushoto ilikuwa na uzi mwekundu ambapo mama aliishona. Niliutazama uzi ule kana kwamba nitaulizwa kwenye mtihani.

"Mutoto mwenyewe ananyamaza," Papa alisema.

"Bon, sawa," Djo alisema. "Njoo kesho asubuhi, mzee. Nitakurudishia. Leo sina yote." Alivua kofia yake, akaiweka mezani, akaanza kupanga kadi zake za ma-unité ambazo tayari zilikuwa zimepangwa.

Tulirudi. Nyumbani Papa aliketi kwenye cherehani, nami nikajificha chumbani kwa Kambo, kwa sababu pale hakuna anayeuliza maswali. Kambo alikuwa mkekani na tasbihi yake mkononi.

"Vizuri umekuja," alisema. "Wewe iko na akili ya kushika maneno. Nikumbushe niliyomwambia Zakari siku ile. Kuna neno langu limemuumiza, silijui ni lipi."

"Hapana, Kambo."

"Ngoja. Nilimuuliza kama anakula." Alisogeza punje moja ya tasbihi. "Si hilo. Nilimuuliza kwa nini haji kutuona. Labda ni hilo, labda hana nauli, nimemuaibisha. Nilimwambia apumzike Ijumaa." Punje nyingine. Kisha akasema pole pole, "Unajua ninavyofikiri? Nilicheka sana ile habari ya mbuzi. Nilicheka na yeye alikuwa anahangaika na maneno. Labda alidhani namucheka vile anavyosema. Chadia, tangu mutoto bantu walimucheka shuleni, sokoni, kila mahali. Mimi peke yangu sikumucheka. Sasa anadhani hata mama yake."

Kambo hakuwa analia. Angelia, pengine ningeweza kuvumilia. Alikuwa anatafuta kosa lake, punje kwa punje, kama mtu anayetafuta sindano kwenye majani, na sindano ilikuwa mkononi mwangu.

"Si wewe," nilisema. "Ni mimi."

Nikamwambia. Nilianza na lori, nikamaliza na namba zilizokuwa zinatembea kwenye kioo. Nilimwambia hata ile ya jina lake na mwezi mzima. Kwa mara ya kwanza maneno yangu mwenyewe yalikwama, na hakuna aliyenisukuma. Nilipofika kwa Djo, nilisikia kwamba cherehani ya barazani imesimama. Papa alikuwa mlangoni.

Nilingoja anipige. Alichomoa sindano kwenye kitambaa alichoshika, akaichomeka kwenye kola yake, kama anavyofanya akitaka mikono yake itulie.

"Kitu ulichofanya Jumanne kilichukua dakika mbili," alisema. "Huo ni upumbavu wa kitoto, hata mimi nilimuigiza nilipokuwa mudogo, na naona haya mpaka leo. Lakini kunyamaza kwako kumechukua siku tatu. Ndani ya siku tatu hizo mama yangu amejilaumu bure, na mimi nimemwita mwizi muntu aliyetuambia ukweli. Uongo mudogo hauketi mahali pamoja, Chadia. Unaingia nyumba za bantu wengine. Simama. Twende."

"Wapi?"

"Pale tulipomuharibia jina. Si pengine."

Djo alikuwa bado yupo. Kwenye kabini kulikuwa na watu watatu, na mmoja alikuwa yule mama mwenye pochi, amerudi kununua juisi kwenye meza ya pembeni. Papa hakusubiri waondoke.

"Djo, mbele ya mama huyu nilikuita mwizi. Mbele ya wote nasema si kweli. Forfait inafika. Nakuomba msamaha."

Kisha akanyamaza, na ile nafasi aliyoiacha ilikuwa yangu. Nilikuwa nimezoea watu kunitazama, wakingoja nichekeshe. Safari hii walinitazama wakingoja kitu kingine.

"Nilijua tangu mwanzo," nilisema. "Baba Mkubwa hapokei kwa sababu nilimcheka na alisikia. Ulipouliza mchana nilinyamaza. Wewe uliniambia mazuri na mabaya. Mimi sikusema hata moja."

Djo aliichukua kofia yake mezani. "Mchana wote nimekuwa nikipiga namba zangu," alisema. "Nilifikiri kweli kadi zimeniharibikia. Nilianza kujiona mwizi." Akavuta pumzi. "Bon. Amekwisha kupokea msamaha wako, huyo Baba Mukubwa?"

"Hapokei namba yetu."

Akasukuma simu yake mezani. "Yangu haijui."

Sikustahili simu ile. Niliichukua kwa mikono miwili. Iliita mara mbili, na Baba Mkubwa, kama fundi anayengoja wateja, akapokea.

"Allo?"

"Baba Mkubwa, ni Chadia. Ukitaka kukata, kata, lakini nisikilize kidogo. Jumanne nilikuigiza. Si Souleymane, ni mimi. Kambo hakujua, Papa hakujua. Kambo anafikiri amekuumiza yeye. Nilikufanya lori. Nina haya mpaka sijui niweke uso wapi. Naomba unisamehe."

Nikasikia pumzi ile ile. Kisha akaanza neno, likakwama, akaanza tena, na tiii, simu ikajikata.

Djo alichukua simu yake akaitazama. "Ma-unité yangu," alisema kwa aibu. "Mwenye kabini njo anakosa." Yule mama mwenye pochi alicheka kidogo, na hata Papa.

Hapo simu ya Papa ikalia mfukoni, krr, mara moja. Zakari.

Papa alinipa. "Piga wewe."

Nikapiga. Akapokea. Sitaandika hapa jinsi maneno yake yalivyokwama. Nimeshayaigiza mara moja, inatosha. Ila neno moja lazima niliandike, kwa sababu ndilo lililonifundisha.

Alisema, "Chadia. Siku..." Akakwama. "Siku..." Akakwama tena, muda mrefu, na nikasikia akipiga paja.

Nilikuwa nalijua neno lile. Ni nani asiyelijua? Machozi yakanijaa. "Najua, Baba Mkubwa," nilisema. "Unataka kusema sikusamehe. Ni haki yako."

"Ngoja," alisema.

Nikangoja. Nilifunga mdomo kwa mkono, kweli kweli, kwa vidole. Wateja walikuwa wanangoja pamoja nami. Na neno likafika.

"Siku ya Jumapili nakuja."

Nilitoa mkono mdomoni.

"Umeona?" alisema, na taratibu, kwa vituo vyake, aliniambia yote. "Umenimalizia neno, na neno lenyewe halikuwa langu. Bantu wananifanyia hivyo tangu nikiwa mudogo. Wengine wanafanya kwa huruma, wengine kwa kucheka, ni kitu kimoja tu: hawangoji. Mimi siku ile nilikuwa na furaha, nilikuwa nimeongea na mama yangu kama muntu. Nikabaki na simu sikioni ili niisikie nyumba yenu kidogo zaidi. Ndipo nikasikia lori."

"Nisamehe, Baba Mkubwa."

"Nimekusamehe ulipotaja jina lako mwenyewe na kumtoa Souleymane. Sasa sikiliza. Usiache kuchekesha. Mungu amekupa ulimi mwepesi, na mimi amenipa muzito, hakukosea kwetu sote wawili. Lakini kabla ya kusema jambo juu ya muntu, fikiria kwamba yuko kwenye simu anakusikia. Kama atacheka na wewe, sema. Kama atakata, nyamaza. Na ukikosea, sema siku hiyo hiyo, usiache wengine wabebe kosa lako. Umesikia?"

"Nimesikia."

"Mama yuko wapi?"

"Nyumbani."

"Nipeleke."

Djo alitupungia kofia. Nilitembea nikiwa nimeishika simu mbele yangu kama mtu aliyebeba bakuli la mchuzi uliojaa. Baba Mkubwa alikuwa kimya ndani yake, akisikiliza: pikipiki, watoto waliokuwa wanacheza mpira wa matambara, mama aliyekuwa anauza mkaa na kumwita mteja. Papa alitembea pembeni yangu.

Kambo alikuwa bado mkekani. Niliiweka simu kiganjani mwake.

"Zakari?" alisema.

Neno lilianza kule Kasenga, likakwama. Mimi nilipiga magoti karibu, mdomo umefungwa. Kambo alinyoosha miguu yake, akaegemea ukuta, akafumba macho, na kungoja.